Minara ya makaa na karakana za treni za mvuke Marekani: nani alipe kuzitunza?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili.

Injini ya mvuke ilikuwa mlafi. Haikwenda mbali kabla ya kudai maji, makaa ya mawe, mchanga wa kuzuia magurudumu yasiteleze, na mtu wa kuitoa majivu. Ndiyo maana reli za Marekani zilijaa matangi, minara ya makaa na karakana za mviringo zenye daraja la kuzungusha injini katikati. Kisha dizeli ikaja. Norfolk & Western, kampuni kubwa ya mwisho kung'ang'ania mvuke, nayo iliachana nao 1960, na majengo yakakosa kazi.

Yaliyosimama hadi leo, mengi hayakuokolewa na mtu. Pale Thurmond, West Virginia, kuna mnara wa makaa wa mwaka 1922, uliobeba tani 500. Ni zege nene yenye nondo, ubavuni mwa reli ambayo bado inapitisha treni. Kubomoa kitu kama hicho ni gharama. Karakana ya injini ya hapohapo Thurmond haikuwa na bahati hiyo: iliteketea kwa moto 1993.

Wengi wanadhani jengo likiingizwa kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria limepona. Wapi! Mwenye mali binafsi, kama hatumii fedha wala kibali cha serikali kuu, anaweza kulivunja kesho. Meno ya kuzuia yapo kwenye sheria za miji. New York ilitunga yake 1965, baada ya kituo chake cha treni cha Penn Station kuanza kubomolewa 1963, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikailinda sheria hiyo katika kesi ya Grand Central, kituo kingine cha treni cha hapo. Lakini mnara uliojaa masizi porini nani ataulilia?

Hoja yangu: kampuni ya reli ikitaka kubomoa, kwanza itangaze na kungoja. Akijitokeza wa kulichukua jengo, apewe pamoja na fedha ambazo zingetumika kulibomoa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kutangaza sawa, hizo fedha hapana. Nondo zikishika kutu zege hubanduka. Kipande kikiangukia treni, anashtakiwa nani, kampuni au hao wapenzi wa historia? Na usidhani kuwa na mwenyewe kunatosha. Karakana ya iliyokuwa kampuni ya reli ya B&O kule Baltimore, ya mwaka 1884, ilikuwa tayari makumbusho, ina wageni na tiketi. Februari 2003 theluji iliangusha sehemu ya paa juu ya mabehewa na injini zilizokuwa zikitunzwa humo. Ilifunguliwa tena Novemba 2004. Sasa kikundi cha wastaafu kumi wataweza?

Mchangiaji wa pili:
Biashara ndiyo jibu. Karakana ya mawe ya Aurora, Illinois, iliyoanza kujengwa miaka ya 1850, iligeuzwa mgahawa wenye kiwanda cha bia miaka ya 1990. Wanaonuna wanune, paa halivuji.

Mleta mada:
Sinuni, ila kuta si kila kitu. Reli ya East Broad Top, Pennsylvania, ilisimamisha kazi 1956 na ikanunuliwa na mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Huyo wa kukata vyuma ndiye hakukata! Karakana ikabaki na mashine zake na mikanda yake ya kuziendesha, utaona fundi alisimama wapi. Hilo kwenye mgahawa hulipati. Na mnara wa makaa utaweka meza wapi?

Kwenye ajali mchangiaji wa kwanza kanibana, nakubali. Basi mnara ulio juu kabisa ya reli inayotumika nautoa kwenye hoja yangu. Matangi na karakana siachi.

Mchangiaji wa tatu:
Mnabishania paa na kuta, mmesahau chini. Udongo wa maeneo hayo umekunywa mafuta na majivu miaka mingi, na mabomba yalifungwa asbesto. Huyo atakayepewa jengo, anapewa na uchafu wake?