Mnara wa urithi Lamu: siwa, mawe ya Manda au paa la ngome?

mwana_wa_mkomani: Assalam aleikum jamaa. Kazi yangu ya mwisho chuoni ni kubuni mnara wa ukumbusho wenye roshani ya kutazamia, hapa kwetu Lamu. Nimebaki na mitatu. Siwa ya shaba, ile baragumu yetu kubwa, iliyosimama forodhani, ngazi ndani yake. Mnara wa matumbawe na chokaa kule kisiwani Manda, nikiiga nguzo ya kaburi la Takwa, yale magofu ya mji wa kale. Au nisijenge kitu, nitengeneze paa la ngome watu wapande. Mngechagua upi?

pwani_kuu: Siwa! Ilivuzwa kwenye harusi za wakubwa, mtoto wa Lamu hahitaji kuelezwa. Ila usije ukatuletea pembe za ndovu za Moi Avenue, Mombasa: aluminiamu, zilizowekwa kwa ajili ya ugeni wa kifalme wa Uingereza. Watu hupiga picha wakapita.

fundi_chokaa: Siwa hiyo itakuwa saruji na nondo ndani, na chumvi itazila. Halafu mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, pale forodhani usitarajie kibali chepesi.

bi_kiwandani: Hamjauliza aliye juu ataona nini. Kiwandani kwetu, ule ua wa nyumba ulio wazi juu, ndiko tunakofua na kusukana, vichwa wazi. Mamangu huvuka kwa shangazi kupitia wikio, kile kivuko cha juu cha nyumba hadi nyumba, ili asishuke njiani. Leo umpandishe mgeni na darubini yake juu ya hayo yote?

mwana_wa_mkomani: Wallahi sikulifikiria, dada. Na ngome?

bi_kiwandani: Ngome iko katikati ya mji. Yale yale.

nahodha_kipungani: Basi Manda, upande unaoelekea mji. Kutoka huko utauona Lamu kama tuuonavyo sisi wa majahazi, na siri za nyumba zikabaki nyumbani. Shela usiguse vile vilima vya mchanga, ndivyo vinavyotuwekea maji matamu ya visima. Na nguzo ya Takwa iache, mwanangu. Ile ni alama ya kaburi, na watu bado huenda kule kuomba mvua. Hupandishi watu kaburini.

fundi_chokaa: Naam, nguzo iache, ujenzi wake wa mawe uige. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo mnara wako utakuwa mwembamba, ukuta mnene.

mwana_wa_mkomani: Ngazi upana gani, fundi?

fundi_chokaa: Sentimita 70. Anayeshuka amngoje anayepanda.