Mashine ya kutoa rojo la embe: tununue au tusubiri?

MamaDodo, Mkuranga
Wakuu, naomba ushauri kabla hatujatoa pesa. Sisi ni kikundi cha akina mama watano, tunatengeneza juisi ya embe na kuuza madukani Mbagala. Kuanzia Novemba embe zinamiminika, wakulima wanaleta matenga mpaka mlangoni, nasi tunawarudisha kwa sababu kazi inatuzidi. Inaniuma sana kuona dodo nzuri zinaozea barazani.

Tunamenya kwa visu, tunasaga kwa blenda mbili za nyumbani, tunachuja kwa kitambaa, kisha tunapasha moto jikoni. Nyuzi zinaziba kitambaa, mtu anakamua mpaka viganja vinawaka. Fundi mmoja wa Dar ametutajia shilingi milioni 4.8 kwa mashine ya chuma cha pua. Tutakopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Faida yetu ni kama shilingi 600 kwa lita.

FundiChuma
Dada, usilipe hata senti kabla hujaiona ikifanya kazi. Nenda na tenga lako mwenyewe, hasa embe za kienyeji zenye nyuzi, maana hizo ndizo zinazoumbua chekeche. Uliza mota ni ya umeme wa fezi ngapi. Kama nyumbani mna fezi moja na mota ni ya fezi tatu, umenunua pambo. Pitisha kidole kwenye maungio ya ndani. Yakikwaruza, rojo litaganda humo na kuchachia. Na chekeche lifunguke kirahisi, muoshe kila siku.

Kilimanjano
Mimi naanzia kwingine. Milioni 4.8 gawanya kwa 600 ni lita 8,000. Mkiongeza lita 100 kwa siku, hizo ni siku 80 za kazi, na bado hujaweka riba ya mkopo. Msimu mmoja wa embe hautoshi. Halafu niambie, dada: ndoo zinapanga foleni wapi? Kabla ya blenda, au kabla ya jiko?

NanasiKiwangwa
Nunueni tu. Embe zikiisha mtapitisha pesheni na nanasi. Ila nanasi bado mtamenya kwa mkono, mashine haiwasaidii hapo.

MamaDodo, Mkuranga
Kilimanjano, Mungu akubariki. Leo nimekaa na saa. Blenda na kitambaa, pamoja na maumivu yote, vinatoa kama lita 30 za rojo kwa saa. Jiko letu ni moja, sufuria moja. Kufikisha nyuzi joto 85 bila kuunguza chini, huku mtu anakoroga muda wote, tunapata lita 20 tu. Mchana ndoo zimejaa karibu na jiko, na kwa joto la huku rojo linaanza kuchacha kabla ya zamu yake kufika. Mashine ingeongeza ndoo hizo hizo.

Wenzangu wamekubali tuanze na moto. Kuchuja kwa mkono kutaendelea msimu huu, japo nawaonea huruma wenye viganja, tutapokezana. Mashine ya rojo tutaitafuta jiko likishaizidi blenda.

FundiChuma, sufuria ya gesi ya lita 100, yenye kuta mbili na maji katikati ili isiunguze, na bomba la kutolea chini, unaweza kutengeneza? Bei inaanzia ngapi? Tunaihitaji kabla ya Oktoba kuisha.

FundiChuma
Naweza. Nitumie upana wa mlango wenu kwanza, isije ikakwama nje.