Pesa za mgonjwa na mlezi wake: nani aanze kuomba?

Ndugu zangu, salaam. Mume wangu ana miaka 57, alipata kiharusi mwezi wa kumi na mkono wa kulia bado haujarudi. Nafanya shifti tatu nyumba ya wazee, saa zilizobaki zote ni zake. Jirani ananiambia nikiomba pesa ya mlezi, mume wangu atakatwa yake. Ni kweli?
Dada yenu, Leicester, Uingereza

*

Dada, pole sana, na shemeji mpe pole zetu.

Kabla ya fomu yoyote, angalieni viza. Ikiwa imeandikwa hamruhusiwi kupokea fedha za umma, msiombe kitu mpaka mmeonana na mwanasheria wa uhamiaji. Mkiwa na ukaazi wa kudumu au uraia, endeleeni.

Anayeanza ni shemeji. Aombe PIP, yaani posho ya mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, kwa sababu posho ya mlezi haitoki mpaka mgonjwa awe amepewa ile sehemu ya PIP ya maisha ya kila siku. PIP haiulizi mshahara wala akiba. Inauliza anashindwa nini: kupika, kula, kuoga, kuvaa, kuzungumza. Kila kitu kina pointi zake. Akifikisha 8 anapata kiwango cha kawaida, 12 kile cha juu.

Hapo ndipo sisi tulipoumia. Baba alihojiwa kwa simu. Kuulizwa hali, akajibu kama alivyolelewa Tanga: "Sijambo, namshukuru Mungu." Unaoga mwenyewe? "Ndiyo." Hakusema kwamba mimi ndiye ninayemwingiza bafuni na kumsugua mgongo, wala kwamba ameshaanguka mara mbili. Mzee wa Pwani atamwambiaje mgeni mambo ya bafuni? Tukanyimwa. Tukaomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja, kama barua ilivyoelekeza, tukakataliwa tena. Tuliposhinda ni kwenye rufaa, na miezi ilikuwa imekwenda.

Kwa hiyo mweleze shemeji mapema: kusema ukweli wa mwili wake si kulalamika wala kumkufuru Mungu. Kanuni zenyewe zinasema mtu anahesabiwa anaweza jambo akilifanya kwa usalama, vizuri, kila linapohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Andikeni daftari la kila siku. Ombeni mkalimani, mtoto asitafsiri; mtoto naye atamsitiri baba yake.

Posho yako wewe inataka umhudumie angalau saa 35 kwa wiki. Kipato chako baada ya kodi na bima ya taifa nacho kisizidi kikomo cha mwaka husika; mwaka wa 2025/26 kilikuwa pauni 196 kwa wiki. Pigia hesabu shifti zako vizuri, dada. Ukizidisha hata pauni moja unaikosa posho ya wiki nzima, na ukishaipokea watakuja kuidai. Watu wamejikuta na madeni ya maelfu hivyo.

Jirani pengine alisikia habari ya nyongeza ya ulemavu mkubwa, ambayo hukatwa mlezi akilipwa posho, lakini hiyo kwa kawaida ni ya mgonjwa anayeishi peke yake. PIP ya shemeji haiguswi.

*

Ahsante kaka, Mungu akuzidishie. Ukaazi wa kudumu tunao. Daftari nimelianza leo asubuhi: shati, dakika 25, vifungo viwili nimemalizia mimi.