Leso, mashati na jinzi kuukuu: nishone nini na watoto wa miaka 6, 9 na 12?

MamaWatatu, Kisumu

Hamjambo wapendwa. Likizo ya Agosti imekaribia na hapa nyumbani kuna furushi la nguo zisizovaliwa tena: leso mbili, mashati matatu ya pamba ya mikono mirefu, longi mbili za jinzi, tisheti kadhaa na shuka la kitanda. Cherehani iliyopo ni ya kuzungusha kwa mkono. Nataka watoto washone vitu vitakavyotumika kweli. Kuna mambo mawili yanayosumbua: mkoba wa leso unachanika pale ulipofungwa mkanda, na kitambaa kipya kikishonwa pamoja na cha zamani kinajikunja baada ya kufuliwa. Kosa liko wapi?

Fundi_Nakuru

Dada, chunguza kitambaa kabla hujashika makasi. Nguo kuukuu haiishi sawasawa. Inyanyue dirishani mwanga upite. Palipolika nyuzi utapaona peupe kuliko pengine. Kisha shika kwa vidole gumba viwili, nafasi ya sentimita 5 katikati, uvute kwa nguvu kwa urefu, halafu kwa upana. Nyuzi zikiachana, hicho ni cha kukatakata na kujazia mto. Shati huisha kolani, viwikoni na kwapani, lakini mgongo hubaki mzima. Shuka huisha katikati pale panapolaliwa, kwa hiyo kata sehemu za pembeni. Longi huisha magotini na kati ya mapaja. Nyuma ya mguu ndiko kwenye jinzi nzuri.

Kujikunja ni hivi: pamba mpya hurudi (hupungua ukubwa) inapofuliwa mara ya kwanza, ilhali ya zamani ilikwisha kurudi siku nyingi. Ukiziunganisha, mpya inavuta na nzee inabaki na mikunjo. Fua kipya mara mbili kwa maji moto, kaushe, piga pasi, ndipo upime. Pia hakikisha vipande vyote vimekatwa kwa kufuata nyuzi za urefu. Kilichokatwa mshazari kitavutika tu, hata kikifuliwa mara ngapi.

Sasa mkanda. Leso ni nyepesi, na ukiushona mkanda kwa mstari mmoja mdomoni, mzigo wote unaning'inia kwenye matundu machache ya sindano. Kata mkanda wa jinzi wa sentimita 7 kwa 60. Kunja kingo zote mbili ndani sentimita 1, kisha ukunje katikati upate upana wa 2.5, na ushone pande zote mbili. Nyuma ya leso, pale mkanda utakapokaa, weka kiraka cha jinzi cha sentimita 5 kwa 5. Ncha ya mkanda ishuke sentimita 4 chini ya mdomo wa mkoba. Shona mraba, halafu mistari miwili ya kukingamana ndani yake. Hatua ya mshono iwe milimita 3. Hatua fupi sana hutoboa leso mfululizo mpaka ikakatika yenyewe kwenye mstari.

Ndani weka bitana ya lile shuka. Na tafadhali msikate ovyo: pindo la leso lipite kwenye kitako cha mkoba, na jina libaki zima upande wa mbele. Leso iliyokatwa katikati ya jina lake inauma kuitazama.

SindanoNaUzi, Kakamega

Kwa mashati, foronya ya mto wa kochi ndiyo kazi bora kwa wa miaka 9, kwa sababu vifungo na vitundu vyake vipo tayari na huhitaji zipu.

Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40: funga vifungo vyote, laza shati mezani, linyooshe mgongo na kifua vilingane. Chora mraba wa sentimita 43 kwa 43, mstari wa vifungo upite katikati. Kabla ya kukata, angalia vifungo viko wapi. Kifungo kikiwa karibu na ukingo kwa chini ya sentimita 3, kiko kwenye njia ya sindano, na sindano itavunjika hapo. Sogeza mraba juu au chini kidogo. Ikishindikana, kitoe hicho kifungo na ushone uwazi wake kwa mkono.

Piga pini, kata safu zote mbili pamoja, kisha geuza pande nzuri zitazamane. Fungua vifungo viwili vya katikati sasa hivi, maana ukisahau utahangaika kuvifungua kwa nyuma. Shona pande zote nne kwa sentimita 1.5 kutoka ukingoni, kata ncha za pembe bila kugusa mshono, na ugeuze kupitia kwenye vifungo. Kingo za ndani zipitishie zigizaga (mshono wa kwenda upande huu na huu), au kama cherehani yako haina, shona mstari wa pili milimita 5 nje ya ule wa kwanza. Usipofanya hivyo shati kuukuu litafumuka ndani ya miezi michache.

Mfuko wa shati ukiangukia ndani ya mraba, uache. Watoto wanaupenda kuliko mto wenyewe.

BabaWaKibuye

Naongeza moja: leso yenye rangi kali iloweke kwenye maji ya chumvi kwanza ili rangi ishike.

Fundi_Nakuru

Kaka, hapo sikubaliani. Chumvi husaidia rangi kuingia wakati wa kutia rangi. Leso iliyokwisha kutiwa rangi haishikwi na chumvi wala siki. Fua peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Kisha sugua kitambaa cheupe kilicholoa juu yake. Kama bado kinashika rangi, leso hiyo isishonwe na shuka jeupe.

Mwalimu_Busia

Nizungumzie watoto wenyewe, kwa sababu kazi nyingi huharibika kwa kumpa mtoto kazi isiyo ya umri wake.

Wa miaka 6 mpe sindano butu ya kushonea sweta, yenye tundu kubwa, na kipande cha gunia la katani, kwa kuwa matundu anayaona. Uzi usizidi dhiraa moja, kutoka ncha za vidole hadi kiwiko chake. Uzi mrefu hujisokota na kufunga fundo, mtoto anavuta, fundo linakaza, analia. Akiona uzi umejisokota, aachilie sindano ining'inie. Itazunguka yenyewe mpaka uzi utulie.

Wa miaka 9 mwekee nukta za penseli kila milimita 5 kwenye mstari. Sindano izame nukta moja, iibuke inayofuata. Akizoea, afundishwe kurudi nyuma nukta moja kila hatua. Huo ndio mshono unaostahimili mkoba. Ule wa kwenda mbele tu unatosha kupiga bandi, yaani kushikiza kwa muda.

Wa miaka 12 aanze cherehani bila uzi, kwenye karatasi ya daftari yenye mistari, afuate mstari mpaka matundu yasitoke nje. Tumia sindano iliyochakaa, karatasi huifanya sindano butu. Cherehani ya mkono ni bahati: mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza, na akiacha kuzungusha sindano inasimama. Wa miaka 9 anaweza kuzungusha huku wewe unaongoza kitambaa. Penye mikunjo ya jinzi weka sindano namba 16, pondaponda mkunjo kwa nyundo, na azungushe polepole. Mashati yanatosha namba 11 au 12. Pini zitolewe kabla ya kufika kwenye sindano.

Hesabuni sindano na pini mnapoanza na mnapomaliza. Idadi isipotimia hakuna anayevuka chumba pekupeku.

MamaWatatu, Kisumu

Asanteni sana, nimeandika yote. Mwalimu, na tisheti je? Makasi ya hapa yanazisokota tu.

Mwalimu_Busia

Makasi hayo yamekata karatasi, mama. Yanolewe, na yafungwe utepe ili yajulikane ni ya kitambaa pekee.

Tisheti zifae kikanyagio cha mlangoni. Kata chini ya kwapa ubaki na bomba, toa pindo la chini, kata mikanda ya sentimita 3 kwa kuzunguka. Vuta kila mkanda, utajikunja uwe kama kamba. Isiyo na mshono ubavuni ni bora. Wasuke mikanda mitatu mitatu kama nywele, kisha mzungushe msuko juu ya meza na kuushona kila sentimita 1 kwa uzi mnene. Kikianza kuinuka kama bakuli, mnavuta msuko mnapozungusha. Fumueni hadi kinapolala sawa na mwendelee kwa kuulegeza. Kikipinda kama mawimbi, mmelegeza mno. Msizungushie magotini, hata kama watoto wanaona ni rahisi, kwani hapo hakuna anayeona kikiinuka.