Kuvua wolai kwenye mto mdogo: nitupe ndoano wapi?

Mgeni_Mtoni
Wakuu, habari. Nipo Wisconsin, Marekani, jirani na mto mdogo unaomwaga maji kwenye mto Mississippi. Ziwani wolai (samaki waitwao walleye kwa Kiingereza) nawapata bila shida, ila hapa mtoni naambulia kambare tu. Naweka nyungunyungu chini ya boya, mchana. Hivi wapo kweli?

Chubwi
Wapo mkuu, ila saa unayokwenda siyo yao. Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana linang'aa ukimmulika. Jua kali likipiga maji maangavu, anatulia shimoni. Giza likiingia anawinda visamaki visivyoona vizuri kama yeye. Fika kabla jua halijazama, ukae. Siku ya mawingu, au mvua ikishatia tope kidogo, hata mchana unampata.

Boya achana nalo. Funga jigi, ile ndoano yenye kichwa cha risasi, ya gramu 3 hadi 7, uvike ruba au kisamaki. Tupa kidogo upande maji yanakotoka, acha mkondo uishushe, mshipi usilegee. Mkononi unatakiwa usikie kokoto: tik, tik. Husikii kitu? Ongeza uzito. Inanasa kila mara? Punguza. Na usisubiri akurupuke. Mara nyingi mshipi unakuwa mzito tu, kama umenasa jani lililoloa. Hapo hapo kaza!

Pa kutupa ni pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia. Utaona povu na majani yanazunguka. Nyuma ya jiwe kubwa, kwenye nguzo za daraja, kona ya nje iliyochimbika. Mimi napenda zaidi pale maji mafupi ya mawe yanapomwagikia shimoni. Jioni wanapanda hadi kwenye mdomo wa shimo kabisa, kina cha magoti, kwa hiyo usiingie majini na mabuti ukawatimua. Anza kutupa ukiwa bado ukingoni.

Bibi_Ndoano
Msisahau majira. Barafu ikiisha, maji yakifika kama nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi, wanapanda kutaga kwenye changarawe, madume wakitangulia. Bwawa likiwazuia, wanajazana chini yake. Lakini soma kanuni za mto wako kwanza: huku kwetu Minnesota mito mingi ya ndani msimu wa kuvua wolai hufunguliwa Mei. Majike makubwa mimi nawarudisha.

Na karibu na Mississippi utakutana na samaki ndugu wa wolai, soga (sauger). Wolai ana ncha nyeupe chini ya mkia. Soga ana safu za vidoa vyeusi kwenye pezi la mgongo. Wote wana meno, kidole usitie mdomoni.

Mgeni_Mtoni
Shukrani sana. Jigi rangi gani?

Chubwi
Maji ya tope, njano au chungwa. Maangavu, nyeupe. Uzito ndio wa kuhangaika nao, rangi baadaye. Na ukibadilisha chambo gizani, geukia nchi kavu, tochi usiimulike majini.