Naombeni ushauri, hivi vidonge vya virutubisho niendelee au niache?

TumbiliWaMakorora: Wakuu salaam. Nipo Tanga. Nimeuziwa kopo la vidonge, vitamini na madini mchanganyiko, mzigo wa Marekani. Uchovu umepungua ila usiku silali kwa mawazo. Vina madhara? Majibu ya busara tafadhali.

Baharia wa Deep Sea: Mimi nilikunywa unga wa protini miezi mitatu nipate kifua. Nikapata gesi. Mke akahamia chumba cha watoto.

Mama Machungwa: Machungwa ya Muheza yanaoza njiani, nyie mnanunua vitamini za kopo! Mchicha, dagaa, maharage. Nimezaa saba kwa hivyo hivyo.

Kisamvu: Kopo limeandikwaje? Kuna dawa nyingine unatumia? Una ujauzito?

TumbiliWaMakorora: Dawa nyingine hakuna. Limeandikwa vitu vingi, mfano vitamini A (retinol) IU 10,000 kila kidonge. Nameza viwili kwa siku.

Kisamvu: Swali la mwisho umelikimbia.

TumbiliWaMakorora: Wiki ya tisa. Lakini aliyeniuzia alimeza hivi hivi na wanawe wazima. Vya kliniki vinanitapisha. Halafu nimeshatoa laki na themanini, humo kuna kiingilio cha uwakala.

Kisamvu: Ungeanza na hilo, dada. Mjamzito hashauriwi kuzidisha retinol 10,000 kwa siku, na wewe unameza maradufu. Ikizidi miezi ya mwanzo inaweza kumletea mtoto ulemavu. Haitoki na mkojo kama vitamini C, inalala kwenye ini. (Ya karoti na mchicha haina shida hiyo.) Acha leo, kesho nenda hospitali ya Bombo na kopo mkononi. Si kila aliyemeza hupata tatizo, ila wakuangalie. Vya kliniki usiache, folik asidi hulinda uti wa mgongo wa mtoto wiki za mwanzo. Meza usiku ukishakula, na usishushie chai, inazuia madini chuma.

Mzee wa Mkonge: Na "Marekani" isikuzuzue. Kule tangu sheria ya 1994 virutubisho huingia sokoni bila FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kuvipitisha kwanza.

Ila wakuu, hebu subirini. Akaunti hii mwezi jana iliulizia bei ya pawatila, ikajiita "baba wa watoto wawili". Leo ina mimba? Hii ndiyo chai ya kutomezea vidonge.

Baharia wa Deep Sea: Jamani, gesi yangu mimi ilikuwa ya kweli.

TumbiliWaMakorora: Simu ya mume wangu, na akaunti yake. Mambo ya uwakala hajui. Msiandike sana, akirudi atasoma.

Mama Machungwa: Chai au si chai, wenye mimba humu wamo. Kisamvu mwanangu, mkaza mwanangu anakunywa mafuta ya ini la samaki. Nayo je?

Kisamvu: Yana retinol ile ile, mama. Asiendelee kabla hajauliza kliniki.

TumbiliWaMakorora: Nimeingia kutafuta jibu langu la pawatila. Laki na themanini ya nani?

Mzee wa Mkonge: Sasa imetiwa na iliki.