Moli 0.01 na moli 0.015, kwa nini asidi ndio inaisha kwanza?

Kidato3_PCB: Wakuu naombeni msaada. Gramu 1 ya marumaru (CaCO3) inawekwa kwenye 10 cm3 za asidi ya HCl 1.5 M (moli 1.5 kwa lita), tafuta ujazo wa CO2. Nimepata marumaru moli 0.01, asidi moli 0.015, sasa mi naona marumaru ndio machache so ndio yanaisha kwanza, mbona jibu linasema asidi? Na maabara tumepata gesi 150 cm3 tu.

Mzee_wa_Titresheni: Mdogo wangu usilinganishe moli kabla hujabalansi ikwesheni: CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2. Moli moja ya marumaru inakula mbili za asidi, kwa hiyo 0.01 inataka asidi 0.02 na wewe unayo 0.015, haitoshi. Fundi akiwa na fremu 10 za pikipiki na matairi 15, kinachomkwamisha ni matairi japo ndio mengi. Njia ya haraka gawa moli kwa namba iliyo mbele yake kwenye ikwesheni, 0.01÷1 ni 0.01, 0.015÷2 ni 0.0075, yenye jibu dogo ndio inaisha kwanza na hesabu zote za gesi zinaanzia hapo.

Kidato3_PCB: Ahaa! So 0.0075 × 24000 = 180 cm3?

dada_maabara: Ndio, moli moja ya gesi inachukua cm3 24000 kwa joto la chumba. Swali likisema STP (nyuzi 0 za Selsiasi na shinikizo la kawaida) tumia 22400, inakuja 168, soma vizuri hapo maana wengi wanapoteza maksi kizembe. Marumaru yanabaki moli 0.0025 yaani gramu 0.25, utayaona chini ya chupa mapovu yakishakata. Asilimia ya gesi mliyopata, 150÷180, ni 83.3, sio mbaya kabisa, ila mliikusanya juu ya maji? CO2 inayeyuka kwenye maji, nyingine inatoroka kabla hujabana kizibo. Jaribuni maji ya uvuguvugu, humo haiyeyuki sana kama kwenye ya baridi.

Kidato3_PCB: Ndio dada, maji ya bomba ya baridi. Je tukiweka sulfuriki badala ya HCl?

Mzee_wa_Titresheni: Hapana, inatengeneza CaSO4 ambayo haiyeyuki vizuri, inaganda juu ya marumaru na mapovu yanakata mapema wakati asidi bado ipo na marumaru bado yapo. Hapo hesabu ya nani anaisha kwanza haikusaidii kitu, baki na HCl.